Kuondoa kwa Njia ya Kutendua

Mazungumzo haya yanahusu vitenzi vya kuondoa, yaani maneno anayoyatumia msemaji anapotaka kueleza kwamba kitu kilichokuwa mahali fulani hakipo tena hapo, ama kwa kuwa kuna aliyekitoa ama kwa kuwa chenyewe kimetoka. Nia yake ni kuonyesha kwamba Kiswahili kina utaratibu wake wa kulieleza jambo hili, utaratibu wa kale na wenye mantiki, na kwamba utaratibu huo hudhoofika kila mara mwandishi wa habari, mfasiri au mwalimu anapouacha na kufuata nyayo za Kiingereza bila kujua kwamba amefanya hivyo.

Ni vyema kuanza na Kiingereza chenyewe, kwa sababu habari nyingi zinazosomwa redioni na vitabu vingi vinavyotumika shuleni hupitia lugha hiyo kabla ya kumfikia Mtanzania. Lugha hiyo ina aina ya kitenzi ambayo katika mazungumzo haya inaitwa kitenzi kirai, nayo huundwa kwa kuweka kitenzi cha kawaida mbele ya neno dogo linaloonyesha upande au mahali, na mara nyingi maana inayopatikana haiwezi kukisiwa kwa kujumlisha maana za maneno hayo mawili. Mfano mzuri ni "take off". Kwa maneno hayo mawili Mwingereza huvua kofia, hufunua chungu, huepua sufuria na hubandua kibandiko. Kwa maneno hayo hayo ndege hupaa, mfanyakazi huchukua siku ya mapumziko, na mchekeshaji huigiza sauti na mwendo wa mtu mashuhuri. Mwanafunzi wa Kinondoni au Temeke, jijini Dar es Salaam, anayejifunza Kiingereza hutaabika na orodha hiyo, na taabu yake ni ya haki, kwa maana lugha yake imemzoesha kutarajia kwamba kazi zinazotofautiana zitakuwa na majina yanayotofautiana.

Katika Kiswahili kazi hiyo haifanywi na neno dogo linalosimama peke yake, bali na kiambishi, yaani sehemu ya neno inayopachikwa kwenye mzizi ili kubadili maana, na mzizi ni ile sehemu ya kitenzi inayobeba wazo la msingi. Kiambishi kinachohusika ni -u-, ambacho hugeuka kuwa -o- mzizi unapokuwa na irabu o, na kitenzi kinachopatikana husemwa kuwa kiko katika kauli ya kutendua. Maana ya kauli hii ni kulirudisha nyuma tendo lililokwisha kutendwa: kilichofungwa hufunguliwa, kilichozibwa huzibuliwa, kilichokunjwa hukunjuliwa, kilichofumwa hufumuliwa, kilichofukiwa hufukuliwa, na mlango uliokomewa hukomolewa. Pale ambapo kitenzi cha kwanza kina kiambishi kingine cha kuonyesha kuweka, hicho huanguka na kumpisha mgeni, na ndiyo sababu bandika huzaa bandua, funika huzaa funua, ezeka huzaa ezua, na chomeka huzaa chomoa. Ethel Ashton, katika kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili kilichochapishwa London mwaka 1944, aliitambua kauli hii kuwa mojawapo ya njia za lugha hii za kunyambua vitenzi, na vitabu vya sarufi vilivyofuata vimeendelea kuipa nafasi yake.

Asili ya kiambishi hiki ni ya mbali kuliko Kiswahili chenyewe, kwa kuwa ni urithi wa pamoja wa lugha za Kibantu. Katika lugha nyingi za jamii hiyo kiambishi bado kina konsonanti, ama l ama r, ambayo Kiswahili kimeipoteza, kama ilivyopotea katika neno njia, ambalo Mkikuyu hulitamka njira. Mkikuyu hufunga mlango kwa kitenzi hinga na kuufungua kwa hingura. Mganda husimika mti ardhini kwa kitenzi simba na kuung'oa kwa simbula. Na huko kusini kabisa mwa Afrika, Mzulu hufunga kwa vala na kufungua kwa vula. Kwa hiyo mtoto wa Msasani, Dar es Salaam, anaposema amefungua mlango, anatumia chombo kimoja na watu walioko maelfu ya kilomita kutoka kwake, chombo ambacho hakuna mmishonari wala mwalimu wa kikoloni aliyekitunga.

Penye kazi ya mikono ndipo utaratibu huu unapodhihirika zaidi. Ufukweni Msasani, kijiji cha kale cha wavuvi ambacho sasa kimepakana na majumba ya Masaki na Oysterbay, sehemu kubwa ya siku ya kazi inaweza kusimuliwa kwa vitenzi vya namna hii. Chombo kinaporudi kutoka baharini, tanga lililotwekwa hutuliwa, na kama maji yamekupwa na chombo kimekwama mchangani, vijana hukusanyika na kukikwamua. Samaki walionasa wavuni hunasuliwa mmoja mmoja kwa uangalifu ili macho ya wavu yasikatike, na shehena iliyopakiwa hupakuliwa. Samaki wa kukaushwa huanikwa juani, na wingu la mvua likionekana upande wa bahari huanuliwa kwa haraka kabla hawajalowa. Jamvi lililotandikwa kwa ajili ya mapumziko hutanduliwa watu wanapoinuka. Wakati wa safari nyingine unapowadia nanga hung'olewa, kwa sababu imejishikiza kwenye sakafu ya bahari kama mti ulioshika mizizi.

Mtu angeweza kusema kwamba anawatoa samaki wavuni, na angeeleweka bila shida. Hata hivyo, anayesema anawanasua amekwisha kueleza mambo matatu kwa neno moja: kwamba samaki walikuwa wamenasa, kwamba wavu ndio uliowashika, na kwamba kuwatoa kunahitaji kulegeza kile kilichowashika badala ya kuvuta kwa nguvu. Hili ndilo jambo la msingi katika mazungumzo haya: kitenzi cha kutendua hubeba kumbukumbu ya tendo lililotangulia, na kwa hiyo anayeondoa kitu kwa Kiswahili sharti ajue kitu hicho kiliwekwaje. Lugha inamdai maarifa kabla ya kumruhusu aseme.

Maarifa hayo yana uzito hata jikoni. Mpishi hubandika sufuria mekoni, na mtoto wake hubandika picha ukutani. Kitenzi cha kuweka ni kimoja. Wakati wa kuondoa, picha hubanduliwa lakini sufuria huepuliwa, au huipuliwa kama wengi wa Dar es Salaam wanavyotamka. Picha imegandamana na ukuta, na kuibandua ni kukitenganisha kile kilichoshikamana, ilhali sufuria haikuwa imegandamana na moto; imeepushwa na moto ili chakula kisiungue, na kitenzi epua ni ndugu wa epa na epuka. Baada ya hapo wali hupakuliwa, kwa kitenzi kile kile kinachotumika bandarini kwa shehena ya meli. Mgeni anayejifunza lugha huona hapa ugumu wa kukariri, lakini mwenye lugha huona mpangilio wa mawazo unaotenganisha kilichoshikamana, kilicho hatarini na kilichobebwa.

Haifai kudai kwamba kila kitenzi kinachoishia na -ua au -oa kinageuza tendo fulani. Viko vichache ambavyo kiambishi hiki huviongezea nguvu badala ya kuvigeuza, kama vile kama na kamua, ambavyo vyote vinahusu kubinya ili kutoa maziwa, na vilevile songa na songoa. Viko vingine, kama ng'oa na bomoa, ambavyo leo havina mwenzake wa kutenda, ingawa maana yake ni ya kuvunja au kutoa kile kilichosimama imara. Kuna pia vitenzi vya kuondoa visivyohitaji kiambishi hiki hata kidogo: ndizi humenywa na magamba ya samaki huparwa, kwa kuwa ganda na gamba havikuwekwa na mtu bali vilikuja na kiumbe chenyewe. Hata tofauti hizi huithibitisha kanuni, kwa maana pasipokuwa na tendo la kuweka hakuna la kutendua.

Mbele ya utajiri huu wamesimama watumishi wawili wa jumla, toa na ondoa, ambao hakuna lugha inayoweza kuendeshwa bila wenzao. Ondoa hufaa pale ambapo namna kitu kilivyowekwa haijulikani au haina umuhimu, na ndiyo sababu lugha ya sheria huipenda: Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika ibara ya 46A, inaeleza utaratibu wa Bunge kumwondoa Rais madarakani, na neno hilo limechaguliwa vyema kwa kuwa sheria inahitaji kitenzi kipana kisichopendelea upande. Toa nayo ina mzigo mkubwa zaidi, kwa sababu maana yake ni kuondoa na pia ni kupa. Anayetoa pesa kwa wakala wa simu anazichukua ziwe mkononi mwake, ilhali anayetoa pesa msikitini au kanisani anaziachia ziende kwa wengine, na msikilizaji hutegemea mazingira ili ajue ni kipi kilichokusudiwa. Katika mitaa mingi ya Nairobi mtu huambiwa atoe viatu mlangoni, naye hakosi kumwelewa mwenyeji. Lakini yule anayeambiwa avue viatu, kama isemwavyo Dar es Salaam, ameambiwa jambo moja tu, nalo ni kutendua uvaaji, kwa kuwa vua ni kinyume cha vaa.

Hatari huanza watumishi hawa wawili wanapoachiwa kazi zote. Mfasiri wa habari mwenye haraka anayekutana na kitenzi kirai cha Kiingereza cha kuondoa huchukua ondoa kwa sababu iko karibu, na baada ya muda msikilizaji huzoea kusikia kwamba askari wameondoa bomu, mafundi wameondoa uchafu mtaroni, na wanakijiji wameondoa paa la shule. Hakuna kosa la sarufi katika sentensi hizo. Hata hivyo bomu lililoteguliwa si sawa na bomu lililohamishwa, kwa maana kutegua ni kuvunja mtego uliotegwa, na msikilizaji aliyeko jirani anahitaji kujua kama hatari imekwisha au imepelekwa mahali pengine. Mtaro uliozibuliwa unapitisha maji, ilhali mtaro uliosafishwa juu juu unaweza kuwa bado umeziba. Paa lililoezuliwa na watu limetolewa kwa mpango ili liezekwe upya, na paa hilo hilo likiezuliwa na upepo ni maafa. Neno moja pana linapoyafunika yote hayo, taarifa inayomfikia raia hupungua hata kama idadi ya maneno haikupungua.

Suala hili lina upande mwingine ulio mzito zaidi, nao unahusu mtendaji. Sambamba na kauli ya kutendua iko kauli ya kutenduka, ambayo huundwa kwa -uka au -oka na hueleza hali ya kitu kilichoondoka au kilichoachia bila kumtaja aliyesababisha: gundi imebanduka, jino limeng'oka, kitambaa kimefumuka, chombo kimepinduka. Kauli hii ni halali na yenye manufaa pale ambapo kweli hapakuwa na mtendaji. Ikitumika palipokuwa na mtendaji huficha. Desemba 2015, nyumba za bonde la Mto Msimbazi, zikiwamo za upande wa Kinondoni, zilipovunjwa kwa amri ya serikali kwa hoja kwamba zilijengwa mahali pa mafuriko, wananchi waliliita zoezi hilo bomoabomoa, jina lililoundwa kwa kurudia kitenzi chenye mtendaji. Nyumba zilizobomoka ni zile zilizoanguka kwa mvua au kwa uchakavu. Zile za Msimbazi zilibomolewa, na kwenye tofauti ya herufi chache kati ya maneno haya mawili yamo maswali ya nani aliagiza, kwa sheria ipi, na nani anastahili fidia. Mwandishi wa habari anayezingatia tofauti hiyo haegemei upande wa serikali wala wa waliovunjiwa. Anawatendea haki wote wawili.

Uongozi wa umma ndio uwanja ambamo Watanzania wameshughulikia vitenzi vya kuondoa kwa ubunifu mkubwa kuliko wote. Anayepoteza cheo huvuliwa madaraka, kana kwamba cheo ni vazi alilovishwa. Rais anapobatilisha uteuzi alioufanya, taarifa rasmi husema ametengua uteuzi, na kitenzi hicho kinaeleza kwa usahihi kwamba kinachoondolewa ni tendo la uteuzi, wala si utu wa mtu wala taaluma yake. Mawaziri wanapobadilishwa nafasi, magazeti huandika juu ya panga pangua ya baraza, maneno mawili yanayoonyesha kwa pamoja tendo na kinyume chake. Mwishoni mwa mwaka 2015, Rais John Magufuli alipoanza kuwaondoa watumishi waliotuhumiwa kwa ubadhirifu, usemi wa kutumbua majipu ulienea nchi nzima. Tumbua ni kupasua kitu kilichovimba au chenye tumbo ili kilichomo kitoke, na kwa usemi huo taifa lilipewa picha ya mwili unaougua na tabibu anayeutibu. Nguvu ya picha hiyo ilikuwa kubwa, lakini msikilizaji makini hutambua kwamba kutengua hurejelea tendo la kisheria linaloweza kuhojiwa, ilhali kutumbua hutoa hukumu kabla ya kusikiliza, kwa kuwa jipu halina utetezi.

Kati ya maneno yote ya uwanja huo, lililo bora lina uhusiano na Msasani. Mwalimu Julius Nyerere, ambaye nyumba yake ya Dar es Salaam ilikuwa Msasani, aliachia urais tarehe 5 Novemba 1985 akampisha Ali Hassan Mwinyi, na tendo hilo likapewa jina la kung'atuka, kitenzi alichokichota katika Kizanaki, lugha ya kwao Butiama, kikaingia katika Kiswahili na kupokelewa katika kamusi kwa maana ya kuacha madaraka kwa hiari. Mwaka 1990 aling'atuka pia katika uenyekiti wa Chama cha Mapinduzi. Kwa kuwa neno hilo lina mwisho wa -uka, liliingia miongoni mwa ondoka, banduka na ng'oka pasipo ugeni, na kwa mwisho huo linasema kwamba hakuna aliyemng'oa. Kiswahili kilikuwa tayari na kujiuzulu, neno lenye asili ya Kiarabu, lakini ambalo katika siasa mara nyingi huambatana na kashfa au shinikizo. Ilihitajika namna ya kusema kwamba kiongozi ameondoka akiwa na uwezo wa kubaki, na lugha ya watu wachache wa Mkoa wa Mara ikaikidhi haja ambayo hakuna tafsiri ya Kiingereza ingeikidhi.

Wapo wanaodhani kwamba utaratibu huu ni mali ya wazee na wavuvi, na kwamba mambo ya kisasa yatalazimika kupata majina yake kutoka nje. Ushahidi unaonyesha vinginevyo. Simu za mkononi zilipoenea na watu wakahitaji kueleza kuchukua faili kutoka intaneti, kitenzi pakua kilichukuliwa kutoka bandarini na jikoni na kupewa kazi hiyo, huku pakia ikipewa kazi ya kupeleka faili, na leo kijana anayepakua programu hahitaji kufafanuliwa. Wafasiri wa programu za simu walipohitaji kitenzi cha kuiondoa programu iliyokwisha kusanidiwa, waliunda sanidua, kwa kutia kiambishi cha kutendua kwenye neno lisilo na asili ya Kibantu. Kiambishi kinachoweza kupachikwa kwenye neno geni na kueleweka papo hapo kiko hai na kina nguvu.

Kutokana na hayo yote, mwandishi, mfasiri au mtangazaji anayekutana na kitenzi kirai cha kuondoa katika Kiingereza anaweza kujiuliza maswali matatu kabla ya kuandika. La kwanza ni namna kitu kilivyowekwa, kwa sababu jibu lake ndilo linaloleta kitenzi: kilichobandikwa, kilichochomekwa, kilichotegwa na kilichovaliwa vyote vina vinyume vyake. La pili ni nani aliyekiondoa, kwa sababu jibu lake ndilo linaloamua kati ya kutendua na kutenduka. La tatu ni kama kuondolewa huko kunarudisha hali ya mwanzo au kunaharibu, kwa sababu jibu lake hutenganisha kuezua na kubomoa, na kufumua na kuchana. Majibu yakikosekana kwa kuwa habari yenyewe haikuyataja, hapo ondoa na toa zitumike bila wasiwasi, kwa maana hiyo ndiyo kazi yao halali.

Mwalimu wa shule ya msingi naye ana nafasi yake. Kauli ya kutendua mara nyingi hufundishwa kama orodha ya jozi za kukariri kwa ajili ya mtihani, ilhali wanafunzi wa Msasani, Temeke au Kigamboni wanazo jozi hizo nyumbani kwao, katika vyombo vya baba na meko ya mama, na wangeweza kuzikusanya wenyewe na kuzieleza mbele ya wenzao. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria mwaka 1967, na Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam zimefanya kazi kubwa ya kusanifu istilahi, na tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, haja ya vitenzi vinavyopima mambo kwa usahihi imeongezeka. Shahidi anayeeleza kama kufuli lilifunguliwa, lilichomolewa au lilivunjwa anatoa maelezo matatu yanayoweza kuongoza kwenye hukumu tatu, na karani anayeandika kwamba kufuli liliondolewa ameifuta tofauti hiyo kabla hakimu hajaisikia. Kwa hiyo kulinda vitenzi hivi ni wajibu wa kila anayeandika kwa niaba ya wengine, kwa sababu haki ya raia huanza na jambo lake kuelezwa kama lilivyotendeka.